Kuwapeleka watoto Jamaika kutokea uani: mwongozo wa mzazi na mwalimu

Niliwaketisha watoto tisa kwenye mkeka, uani kwangu hapa Tanga, nikawauliza wanajua nini kuhusu Jamaika. Mikono ikapanda yote. Bob Marley. Rasta. Bangi. Usain Bolt. Halafu kimya. Binti mmoja wa darasa la tatu akauliza: "Mwalimu, kule kuna watoto?"

Wapo. Asubuhi wanavaa sare za kaki na kupanga mstari. Wanauogopa mtihani wa darasa la sita. Mapumziko wanacheza mchezo ambao sisi tunauita rede, na Jumapili nyumba nyingi hunukia wali wa nazi na maharage. Tangu siku ile nimeacha kuanza na mabango ya wanamuziki. Naanza na mtoto wa huko na siku yake, kwa sababu mtoto wa hapa ana siku yake pia, na hapo ndipo wanapokutana.

Mwongozo huu ni wa watoto wa miaka 7 hadi 12, nyumbani au darasani. Mimi hutumia Jumamosi saba au nane, saa mbili kila moja. Mahitaji yenyewe: karatasi za manila, kalamu za rangi, soksi kuukuu, mabaki ya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani, nazi mbili, maharage, na simu ya mtu mzima ya kuonyeshea picha chache.

Hatua ya kwanza: waache waseme wanachodhani

Bandika manila ukutani uandike kila wanachokisema, kwa maneno yao. Usimkemee aliyetaja bangi. Hilo amelisikia kwa watu wazima. Siku hiyo usisahihishe chochote. Karatasi ikae hapo wiki zote, na mtoto atakayegundua kosa ndiye atakayelikata kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni alichokipata.

Kwangu kosa la kwanza kukatwa lilikuwa bendera. Watoto karibu wote waliichora nyekundu, njano na kijani, kama wanavyoona kwenye bajaji na kofia za kufuma. Rangi hizo ni za Ethiopia, na zimechukuliwa na Marastafari. Bendera ya Jamaika ni nyeusi, kijani na dhahabu, yenye msalaba wa dhahabu ulioinama kutoka pembe hadi pembe. Kwa sasa ndiyo bendera pekee ya taifa huru isiyo na nyekundu, nyeupe wala buluu hata chembe. Wape watoto bendera ya Tanzania waiweke kando ya hiyo. Watauona wenyewe mshazari na zile rangi tatu zinazofanana, na watakuambia kilichozidi kwetu ni buluu.

Hatua ya pili: saa na ramani

Usikae sana hapa. Mtoto hashiki kilomita, anashika kulinganisha. Jamaika, kisiwa cha Bahari ya Karibi, ina ukubwa wa kilomita za mraba 10,991, yaani haifiki nusu ya mkoa wa Tanga, na watu wake ni kama milioni 2.8, karibu sawa na wa mkoa wetu. Kilele chake kirefu, cha Milima ya Buluu, kina mita 2,256, kimo kinachokaribiana na vilele vya Usambara Magharibi. Anayesoma haya akiwa Mombasa, Bukavu au Maskati atafute mlima na mkoa wake wa kulinganisha.

Saa ndiyo inayowapendeza. Tofauti yetu na Kingston, mji wao mkuu, ni saa nane, mwaka mzima, kwa kuwa wao hawabadilishi saa. Chora saa mbili za ukutani. Kwetu ikiwa saa nane mchana, mtoto wa Kingston anaamshwa saa kumi na mbili asubuhi. Yeye akiutazama mshale huo huo anasoma sita, maana wanahesabu kuanzia usiku wa manane na si kuanzia jua linapochomoza. Watoto wangu walizoea kutazama saa katikati ya kipindi na kutangaza: "Sasa anapiga mswaki." Hapo ujue wamefika.

Hatua ya tatu: siku moja shuleni

Hapa ndipo pa kukaa. Igizeni siku nzima, kuanzia kitandani.

Sare kwanza. Wavulana wengi wa Jamaika huvaa shati na suruali ya kaki, imepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Wasichana huvaa blauzi na gauni lisilo na mikono juu yake, rangi kulingana na shule, hivi kwamba mtu akiwa barabarani anajua yule ni mwanafunzi wa wapi. Kisha mstarini: kuna sala, wimbo wa dini, wimbo wa taifa na kiapo cha utii kwa nchi. Mwalimu wa kike anaitwa Miss, wa kiume Sir. Kupita mbele ya mtu mzima bila kumsalimu ni utovu wa adabu, na mzazi akiambiwa mwanawe kapita kimya kuna maneno nyumbani. Waulize watoto wako kama wanajua jambo la namna hiyo. Watakuitikia "marahaba" hata kabla hujamaliza.

Shule ya awali huanza miaka 3, ya msingi ni darasa la kwanza hadi la sita, na sekondari huanza darasa la saba, wakihesabu moja kwa moja bila kurudi kidato cha kwanza. Mwaka wa masomo unaanza Septemba. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi unaitwa PEP, ulianza mwaka 2019, na ndio unaoamua mtoto aende sekondari gani. Wakubwa kidogo kati ya watoto wako watauelewa mzigo huo bila kuelezwa. Mimi niliwaacha wamwandikie barua mtoto wa darasa la sita wa Jamaika, hata kama haitatumwa. Kijana mmoja aliandika: "Usiku wa kuamkia mtihani usisome, lala." Sijawahi kumfundisha hilo.

Mapumziko, wapeleke dukani. Kinachopendwa ni pati, mkate mdogo wa nusu mwezi wenye ganda la manjano linalomeguka, na ndani nyama ya kusaga yenye pilipili. Wengi huipachika ndani ya mkate laini, kama mtoto wetu anavyopachika bagia ndani ya skonzi. Kando yake kuna juisi ya kwenye kifuko, unakata ncha kwa meno na kufyonza. Hilo halihitaji maelezo hapa Tanga.

Kuna jambo zito ambalo ningeomba usiliruke, nalo ni lugha. Nyumbani na uwanjani mtoto wa Jamaika anasema Kipatwa, lugha iliyozaliwa pale pale kisiwani kutokana na Kiingereza na lugha za Afrika Magharibi. Darasani anatakiwa aandike Kiingereza sanifu. Kwa muda mrefu lugha yake ya nyumbani ilionekana Kiingereza kilichovunjika, na watoto waliaibishwa kwa kuizungumza. Mshairi Louise Bennett-Coverley, ambaye nchi nzima ilimwita Miss Lou, aliyezaliwa mwaka 1919 na kufariki 2006, alitumia maisha yake kuwaonyesha watu kwamba lugha hiyo inaweza kubeba ushairi, hekima na kicheko. Alikuwa pia na kipindi cha watoto kwenye televisheni.

Waulize wako: nani anasema Kisambaa kwa bibi, Kiswahili mtaani, na anakiogopa Kiingereza cha sekondari? Darasani kwangu, watoto waliokuwa wakificha kwamba wanajua Kidigo walianza kushindana kukisema.

Hatua ya nne: rede

Mchezo wenyewe kule unaitwa dandy shandy. Wawili wanasimama pande mbili wakirushiana mpira, mmoja au zaidi wako katikati wakikwepa. Mpira wanautengeneza kwa boksi dogo la juisi lililojazwa karatasi na kubanwa likakaza. Kwetu ni soksi iliyojazwa vitambaa, na aliye katikati hukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Chezeni kwa sheria zetu kwanza, kisha muufanye mpira wa boksi mcheze wa kwao. Boksi halidundi, linakwenda moja kwa moja. Wepesi wa kujikunja unaotakiwa ni mwingine kabisa, na watoto wanaligundua ndani ya dakika mbili.

Gololi wanacheza, pia za kamba wanazizungusha, na tiara zinarushwa hasa wakati wa Pasaka upepo ukiwa mzuri. Netiboli ni mchezo mkubwa wa wasichana kama kwetu.

Halafu riadha. Usimtaje Bolt peke yake kana kwamba alianguka kutoka mbinguni. Eleza mashindano ya sekondari ambayo wote wanayaita Champs. Yalianza mwaka 1910 kwa wavulana, na tangu 1999 wavulana na wasichana wanashindana pamoja, kwa muda wa siku tano, kabla ya Pasaka, katika Uwanja wa Taifa wa Kingston. Uwanja unajaa watu waliovaa rangi za shule walizosoma wao, au walizosoma mama zao. Mtoto aliyewahi kwenda UMITASHUMTA, michezo yetu ya shule za msingi, au aliyesikia kaka yake akisimulia UMISSETA ya sekondari, atapata picha. Mwambie azidishe makelele mara mia. Huko ndiko walikotokea Usain Bolt, mtoto wa kijiji cha Sherwood Content, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, na Shelly-Ann Fraser-Pryce wa mtaa wa Waterhouse, Kingston, mwanamke wa kwanza wa Karibi kushinda mita 100 za Olimpiki, mwaka 2008. Pimeni mita 100 barabarani mahali salama, kila mtoto akimbie, andika muda wake ukutani kando ya muda wa Bolt.

Hatua ya tano: salamu, hadithi, methali

Anza na salamu. Vijana wa Jamaika wakikutana, mmoja anauliza "Wah gwaan?" na jibu moja la kawaida ni "Mi deh yah." Litafsiri neno kwa neno utapata "nipo". Ndiyo, nipo yetu hii hii. Watoto wangu waliliimba wiki nzima. Waeleze kwamba hiyo ni ya marika. Kwa bibi au mwalimu husemi "Wah gwaan", kama vile humwambii bibi yako "mambo". Waongeze na maneno matatu: pickney ni mtoto, nyam ni kula, na unu ni ninyi. Hili la mwisho limekuja na Waigbo kutoka Nigeria.

Sasa hadithi. Sisi tuna Sungura, wao wana Anansi, ambaye ni buibui na ni mtu. Jina lake ni la Kiakani, lugha ya Ghana, maana mababu waliochukuliwa utumwani walifika mikono mitupu lakini hadithi walikuwa nazo kichwani. Hii niliisimulia kwa Paukwa, Pakawa:

Anansi alizunguka kisiwa kizima akikusanya akili zote za dunia akazitia ndani ya kibuyu, ili kila mwenye shida amfuate yeye na kumlipa. Akaamua kukificha juu ya mti mrefu. Akakifunga kamba, akakining'iniza kifuani, akaanza kupanda. Kibuyu kikamzuia tumbo, akawa anateleza. Akajaribu tena, akateleza tena. Chini akasimama mtoto mdogo, akacheka, akasema: "Kwa nini usikifunge mgongoni?" Anansi akashtuka. Kumbe kuna akili iliyobaki nje, tena kwa mtoto! Kwa hasira akakibamiza kibuyu chini, akili zikatawanyika kwa upepo, na kila mtu akaokota kidogo.

Msimulizi wa Jamaika akimaliza husema: "Jack Mandora, mi nuh choose none." Yaani, mimi sikuichagua hii, isihesabiwe juu yangu. Inasemekana Jack Mandora ni bawabu wa mbinguni, na msimulizi anajitoa mapema kwenye ulaghai wa Anansi. Wazee wetu wa pwani walimaliza kwa namna nyingine: hadithi ikiwa njema, uzuri wake ni wetu sote, na ikiwa mbaya, ubaya wake ni wangu mimi peke yangu. Waulize watoto ni mwisho upi wanaoupenda, na kwa nini. Mjadala huu ulinipita uwezo. Waligawanyika nusu kwa nusu, na mpaka wanakwenda nyumbani walikuwa bado wanabishana.

Methali nitakupa mbili tu. "One one coco full basket": gimbi moja moja hujaza kikapu. Koko ya kwao ni jamii ya magimbi haya haya tunayochemsha asubuhi. Wape watoto sekunde kumi, watapiga kelele "Haba na haba hujaza kibaba!" Ya pili: "Chicken merry, hawk deh near", kuku akishangilia mwewe yu karibu. Mimi niliilinganisha na ngoma ikivuma sana hupasuka, lakini msichana mmoja alikataa, akasema ngoma inapasuka yenyewe na kuku ana adui. Alikuwa sahihi, nikaandika alivyosema.

Hatua ya sita: miti na wanyama

Anzeni nje, chini ya mti. Kazi ya kwanza ni kutafuta mimea ya uani ambayo na mtoto wa Jamaika anayo kwao. Mwembe, mnazi, mgomba, muwa, mkwaju, mstafeli. Mshelisheli pia, na huu una historia yake: uliletwa Jamaika mwaka 1793 kutoka visiwa vya Pasifiki ili kuwalisha watumwa kwa gharama ndogo. Rosela wanaikamua kinywaji cha Krismasi. Kalalu yao ni mchicha, na hapo utasikia watoto wakicheka, kwani walidhani nchi ya mbali lazima iwe na mboga za ajabu.

Cha ajabu kipo kimoja: eki, tunda la taifa. Lina umbo kama la pera, jekundu, na likiiva hupasuka lenyewe na kuonyesha mbegu nyeusi zinazong'aa. Nyama yake ya rangi ya siagi hupikwa na samaki wa chumvi, na ikiwa sahani inafanana na mayai ya kuvuruga. Lakini likifunguliwa kwa nguvu kabla halijajifungua, lina sumu inayoweza kuua. Kila mtoto wa Jamaika anafundishwa kulisubiri. Tunda hili lenyewe lilitoka Afrika Magharibi.

Ndege wa taifa ni aina ya kolibri, ndege mdogo anyonyaye maua, anayeitwa daktari, na hapatikani penginepo duniani. Dume ana kifua cha kijani kinachomeremeta, mdomo mwekundu, na manyoya mawili meusi ya mkiani marefu kuliko mwili wake, yanayovuma anaporuka. Afrika hatuna kolibri, ila tuna chozi, anayekuja kwenye maua ya mgomba kufanya kazi ile ile. Mtafuteni chozi, mmtazame vizuri anavyotua ili anywe. Kisha waambie watoto kwamba daktari hulewalewa hewani mbele ya ua bila kukanyaga kitu.

Lililowakamata zaidi wangu ni nguchiro. Mwaka 1872 wenye mashamba ya miwa waliagiza nguchiro kutoka India wawaue panya. Waliwala panya, kisha wakaendelea na mayai ya ndege, nyoka na mijusi. Iguana wa Jamaika, mjusi mkubwa ambaye hayupo popote pengine, akatoweka hata watu wakaamini amekwisha. Mwaka 1990, katika vilima vikavu vya Hellshire, mbwa wa mwindaji wa nguruwe mwitu akamkamata mmoja. Tangu hapo vitoto vyake hulelewa katika bustani ya wanyama ya Hope, Kingston, mpaka viwe vikubwa nguchiro asiviweze, ndipo vikarudishwa porini. Chezeni: watoto watano ni mayai, wawili nguchiro, mmoja mlinzi. Watoto wetu wanamjua nguchiro kama mkazi halali wa hapa, hivyo swali linalokuja ni zuri: je, nguchiro ana kosa? Mimi niliwaachia wajibu.

Wale waliowahi kufika Amani, kule Usambara Mashariki, wakaona vipepeo wanavyofugwa vijijini, wasimulie. Jamaika ina kipepeo mweusi na manjano ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufika sentimita 15. Yumo kwenye misitu ya milimani tu, na wamebaki wachache.

Vimbunga msivifiche. Msimu wake ni Juni hadi Novemba, na shuleni wanafundishwa cha kufanya: maji ya akiba, tochi, nyaraka kwenye mfuko usioingia maji. Tarehe 28 Oktoba 2025 kimbunga Melissa kiliingia magharibi mwa kisiwa kikiwa daraja la 5, la juu kabisa, na shule nyingi ziliezuliwa mapaa. Watoto wa pwani yetu walisikia habari za kimbunga Hidaya kilipofika Mafia Mei 2024, hivyo wanajua kuogopa upepo. Fungasheni pamoja begi la dharura la nyumba yenu. Hilo libaki kwenu hata mkishamaliza masomo haya.

Hatua ya saba: historia, kwa sauti ya kawaida

Watauliza: mbona watu wa Jamaika ni weusi kama sisi na wako huko? Jibu moja kwa moja, bila kuwatisha na bila kulainisha. Kisiwa kilikuwa cha Wataino, waliokiita Xaymaca, nchi ya miti na maji. Wahispania walifika 1494, Waingereza wakakitwaa 1655, na mashamba ya miwa yakajazwa Waafrika waliokamatwa na kuuzwa, wengi wao kutoka Afrika Magharibi. Walipata uhuru kamili tarehe 1 Agosti 1838, na nchi ikajitawala tarehe 6 Agosti 1962, miezi minane baada ya Tanganyika. Ukiwa pwani, usisimulie hayo kana kwamba utumwa ni habari ya ng'ambo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873.

Kisha mlete Nanny, mwanamke pekee kati ya mashujaa saba wa taifa, ambaye sura yake imo kwenye noti ya dola 500. Aliwaongoza Maroon, watu waliotoroka utumwa wakajenga vijiji katika Milima ya Buluu na kupigana na jeshi la Waingereza hadi Waingereza wakalazimika kutia saini mikataba, mwaka 1739 na 1740. Sisi tuna neno lao tayari: watoro. Nyuma ya pwani ya Kenya, karne ya 19, watoro nao walijenga makazi yao kama Fuladoyo.

Maroon walipeana habari kwa abeng, pembe la ng'ombe linalopulizwa ubavuni kama siwa za Lamu na Pate. Muombe muuza nyama pembe, lichemshwe na kusafishwa na mtu mzima, au kunja karatasi ngumu. Wagawe watoto makundi mawili pande mbili za nyumba, watunge alama zao: mlio mmoja mrefu ni hatari, mifupi miwili ni njooni. Nilimwona kijana mtundu kuliko wote akisimama kimya nyuma ya tangi la maji, amefumba macho, akihesabu milio kwa vidole.

Babu na bibi nao wana kazi hapa. Watoto wawaulize kama wanalikumbuka jina la Michael Manley, waziri mkuu wa Jamaika miaka ya 1970 na rafiki wa Mwalimu Nyerere.

Hatua ya nane: vitambaa na ngoma

Sasa muziki una mahali pa kukaa. Rege ilizaliwa Kingston miaka ya 1960. Marastafari ni watu wa imani yao, iliyoanza kisiwani miaka ya 1930, nao ni wachache. Wajamaika walio wengi ni Wakristo. Tafadhali usiwavishe watoto mawigi ya rasta. Nywele hizo kwa wenyewe ni ibada.

Wavishe Jonkonnu badala yake, ngoma ya barabarani ya wakati wa Krismasi, yenye filimbi, ngoma na vinyago: kichwa cha farasi, kichwa cha ng'ombe, mfalme, na Pitchy Patchy aliyefunikwa viraka vya kila rangi toka kichwani hadi miguuni. Mabaki ya fundi kata vipande virefu kama kiganja, shona kwa mistari kwenye fulana kuukuu ukianzia chini kupanda juu, ili kila mstari uufunike uzi wa mstari ulio chini yake. Mtoto akizunguka, viraka vyote vinasimama.

Hatua ya tisa: chungu cha Jumapili

Wajamaika wanakiita rice and peas, na ni wali uliopikwa pamoja na maharage mekundu kwenye tui. Kwa watoto tisa: loweka vikombe viwili vya maharage usiku. Kuna nazi mbili, kila mtoto apewe zamu kwenye mbuzi. Chemsha maharage kwa tui jepesi na punje tatu za kitunguu saumu mpaka yaive bila kupondeka. Ongeza tui zito, chumvi, majani ya vitunguu, kijiti cha thaimu ukikipata, na punje za pimento; ukizikosa tia karafuu mbili na kipande cha mdalasini, harufu inakaribia. Vikombe vinne vya mchele vifuate, maji yote yawe kama vikombe vinane.

Juu kabisa laza pilipili mbuzi moja nzima, na kikonyo chake. Isitobolewe, isikorogwe. Funika, palia makaa. Kabla ya kupakua, mtu mzima aitoe kwa kijiko taratibu, kwani inatakiwa iache harufu bila kuacha moto. Watoto wangu waliinamia chungu kimya kabisa wakati naitoa. Ikatoka nzima.

Siku za kupangia

Ukitaka kuyaunganisha haya na kalenda yao: tarehe 6 Januari Maroon wa kijiji cha Accompong huadhimisha mkataba wao. Ijumaa ya mwisho ya Februari shule zote huadhimisha Siku ya Jamaika, na ni siku nzuri ya maonyesho ya watoto mbele ya wazazi. Jumatatu ya Pasaka ni tiara. Tarehe 1 na 6 Agosti ni uhuru mara mbili. Mkitaka kuandikiana na shule ya huko, barua zipite kwa walimu wa pande zote, bila anwani ya nyumbani wala picha za nyuso za watoto.

Ile manila mwisho ilikuwa nyekundu karibu yote. Neno "bangi" lilikatwa na yule yule aliyelisema. Pembeni aliandika: "PEP. Pati. Daktari. Pilipili nzima."